Uso Wangu Ndio Tangazo la Krimu ya Wifi

Admin, naomba unifiche jina. Uso wangu umeshaonwa na watu wa kutosha.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na nne, ni fundi cherehani hapa Katubuka. Mume wangu anapeleka vyombo vya plastiki Kagunga kwa boti, hukaa huko hata wiki mbili. Ujana wangu wote sikuwahi kutokwa na chunusi. Wenzangu shuleni walikuwa wakijipaka dawa ya meno usoni, mimi nawacheka. Mwaka jana, nilipomwachisha mtoto wa pili ziwa, zikaanza kidevuni. Nikadhani ni joto. Mwezi haujaisha zikapanda mashavuni, ngumu, zinauma hata nikilalia mto.

Hamjui inavyochosha. Kila mteja anayekuja kupima gauni ana dawa yake ya kunielekeza, mara asali, mara limao, mara mwarobaini. Mama mkwe nikimsalimia asubuhi, "Mwakeye mama," kabla ya kuitikia ananitazama mashavu. "Acha mawese," anasema. Nikaacha mawese. Nikaacha hata samaki, migebuka ya kukaanga. Nikala ugali na mchicha wa chumvi mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa. Jirani akasema, tena nikisikia, kwamba mume anayesafiri ndiye kaniletea ugonjwa. Kioo cha wateja nikakigeuzia ukutani, anayetaka kujiona anakigeuza mwenyewe.

Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaniletea kikopo. Anachanganya krimu mwenyewe kwake Ujiji na kuuza. Kikopo hakina maandishi yoyote. Baada ya siku kumi uso ukawa laini, nikalia kwa furaha, sioni haya kusema. Wifi akanipiga picha, akaiweka pembeni ya picha yangu ya zamani yenye chunusi, akazituma kwenye magrupu yote. Niliridhia mwenyewe.

Nikapaka miezi minne. Kisha nikagundua nikikaa siku mbili bila kupaka, uso unawaka moto na vipele vinarudi mara mbili ya vile vya mwanzo. Ngozi ikawa nyembamba, jua la kwenda sokoni tu silivumilii. Nikaenda hospitali na kikopo mkononi. Daktari akakinusa kile kikopo.

"Nani kakupa?"

Nikasema nimenunua tu.

"Mama, inaelekea humu kuna dawa kali, haipakwi usoni bila mtu wa kukufuatilia. Tunaiacha. Itakuwa mbaya zaidi kabla haijapoa, na itachukua miezi. Chunusi zenyewe tutazitibu baadaye."

Nilimweleza wifi kwa upole. Akanijibu, "Ngozi yako ndiyo mbovu. Wengine mbona hawalalamiki?" Mume wangu naye kwenye simu akaniambia, "Yule ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nyamaza, upone kimyakimya." Nikanyamaza. Nikawa nashona nimejifunika mtandio, macho tu yanaonekana.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja kijana kutoka Buzebazeba kushonesha gauni, mtoto mgongoni. Akanitazama macho kwa muda.

"Dada, si wewe wa kwenye picha za krimu? Mimi nimenunua kwa sababu yako. Mpaka mtoto nampaka kidogo shingoni, joto limemletea vipele."

Nikashusha mtandio.

"Niangalie vizuri," nikamwambia. "Hivi ndivyo nilivyo sasa. Usimpake tena mtoto, mpeleke akaonwe leo leo."

Akamfunga mtoto upya mgongoni. Alimpeleka kweli, kisha akaenda kwa wifi na kumtolea maneno mbele ya wateja wake.

Sasa wifi ameitisha kikao cha familia Jumapili. Anataka niseme mbele ya wote kwamba nilimzushia kwa wivu, na niombe msamaha. Mume wangu amerudi kutoka Kagunga kwa ajili hiyo. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akiwa hata hajavua viatu, akasema, "Sema tu umekosea, yaishe. Mimi nimechoka, mke wangu."

Na mimi nimechoka. Uso unaniuma, sina nguvu ya ugomvi, na huyu mwanaume nampenda. Nikiomba msamaha, nyumba itatulia na krimu itaendelea kuuzwa. Nikikataa, sijui kama nitabaki na ndoa. Jana yule mama alinipigia. Mtoto ameonwa, anaendelea vizuri. Hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Dada, ulijua tangu lini?"

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitumie dawa za chunusi, nimezisikia zote. Niambieni tu, Jumapili nikisimama mbele ya wale watu, niseme nini?