Samli Kwenye Sponji la Pikipiki

Kaka yangu alikuwa na pikipiki ile ya kuchanganya petroli na oili kwenye tangi, na kwa hiyo pikipiki alileta maziwa ya ngamia kutoka upande wa Kipsing mpaka mtaani kwetu Wabera. Mama aliyauza mlangoni. Pikipiki ikifa, kaka angerudi kwa kazi ya marehemu baba: kupanda lori la ng'ombe na kuwachunga, amekaa juu ya mapembe yao, mpaka Nairobi. Kazi hiyo aliichukia. Aliniambia mimi kwa sababu siongei sana, na watu hupenda kuwaambia siri wale wasioongea.

Kiangazi hicho vumbi lilizidi. Kaka alifungua kisanduku kilicho chini ya kiti, ambamo injini huvutia hewa, akatoa sponji la kuzuia vumbi. Lilikuwa kama tofali. Akaliosha na petroli. Likishakauka lazima lipakwe oili ndipo linase mchanga, lakini wiki hiyo oili ilikuwa imekwisha madukani, na ile kidogo aliyobaki nayo ilitosha tangi tu.

"Nikiendesha bila kitu, injini itakula mchanga," akasema, kama anayeongea na pikipiki.

Mama akatoka jikoni na chupa ya samli. "Si ni mafuta unataka? Nyanya yako alipaka samli ngozi, akapaka vibuyu, akapaka hicho kichwa chako ulipozaliwa. Kuna kilichoharibika?"

"Kichwa, aayo," nikasema. Aayo ndiyo mama kwa lugha ya kwetu.

Walicheka sana. Si kawaida yangu kuchekesha watu, ndiyo sababu nakumbuka. Kaka alilipaka sponji pole pole kwa vidole, vile mama hunipaka nywele.

Asubuhi pikipiki ikakataa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Vijana wa pale kona wakaanza: "Bwana Maziwa! Leo unachoma mahindi?" Kaka akafungua plagi, akaikuta nyeusi na imelowa. Akasema petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Basi kwenye kabureta akatoa kile kidude chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka kingine chenye tundu dogo zaidi, cha pikipiki ya rafiki yake iliyokufa.

Hapo ikaimba. Sijui niseme vipi, lakini ilibadilika sauti. Alinibeba mpaka geti la shule na nikaona haya, maana wasichana wote waligeuka kutazama. Siku hizo alikuwa akirudi mapema, jua halijawa kali, na wale wa kona hawakuwa tena na la kusema.

Kisha ngamia wakahamishwa mbali kufuata malisho. Siku ya kwanza ya safari hiyo ndefu, saa sita mchana ilimkuta bado njiani, karibu na Leparua. Injini ikapanda moto, ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, na kaka akaanguka na madebe yake. Alifika nyumbani jioni kwa miguu, kiwiko kimechubuka. Pikipiki ililetwa na lori kesho yake.

Fundi alipofungua, pistoni ilikuwa imekwaruzwa kama imechezewa na paka. Kaka akafungua kile kisanduku mwenyewe. Samli ilikuwa imetiririka yote, imetulia chini. Sponji lilibaki karibu kavu.

"Hii ni pikipiki ama ni chapati?" fundi akauliza, akinusa vidole.

Kaka hakucheka. Alichuchumaa hapo, akaniambia kwa sauti ya chini. Asubuhi kwa baridi samli iliganda, hewa haikupita, ndiyo maana petroli ilionekana nyingi. Yeye akaipunguza. Saa sita samli ikayeyuka, hewa ikaingia yote, na petroli ilikuwa bado ile kidogo. Injini ikajichoma.

"Usimwambie aayo," akasema.

Mama alipouliza, alijibu, "Ilikuwa imezeeka tu, aayo. Samli yako ndiyo iliisukuma siku hizo zote."

Mimi ndiye hutoa samli kwenye ile chupa. Asubuhi naichimba na kijiko. Nikirudi mchana inamwagika kama maji. Mkono wangu ulijua hayo tangu utotoni na kichwa hakikuwahi kuuliza. Nakaa darasani nafikiria hivyo mpaka mwalimu ananiita mara mbili.

Kaka alipanda lori la ng'ombe. Hakugeuka kutazama nyuma, nami sikuinua mkono.

Mama sasa anawaambia wateja jinsi samli yake ilivyoendesha pikipiki. Juzi akaja kijana wa mtaa wa pili mwenye pikipiki kama ile. "Salaam aleikum, aayo. Nimesikia una dawa ya vumbi." Mama akafurahi, akamjazia kikombe.

Nikamfuata nje. Sikuwa nimewahi kumsemesha mwanamume nisiyemjua.

"Usipake," nikamwambia.

"Kwa nini? Mama yako mwenyewe amesema."

"Ni ya kula. Kula na anjera. Pikipiki itafutie oili."

"Na nikirudi akiniuliza?"

"Mwambie ilisaidia."

Alinitazama, akatazama kikombe, akachovya kidole akalamba. Nikakimbia ndani. Mama alikuwa akifuta chupa kwa kanga yake huku akiimba, na sikuweza kumtazama usoni.