Aki Haifunguliwi kwa Kisu

Ionie hakupika aki iliyokwisha kubanduliwa na mtu mwingine. Alitaka kuona tunda zima ndani ya ganda lake jekundu, ganda limejipasua lenyewe mtini, mbegu nyeusi zinachungulia. "Aki lazima ipige mwayo," alikuwa akisema. "Ukiilazimisha kuamka, itakulaza wewe." Alifunzwa hivyo na baba yake, maana aki isiyojipasua ni sumu, na hapa mlimani kwetu tulimwita Bi Mwayo.

Asubuhi kaburi la baba huyo lilipokuwa likichimbwa nyuma ya nyumba, Ionie alikwenda kuchota maji. Aliporudi, Verlyn, mke wa kaka yake Clovis, alikuwa akimimina beseni zima la aki kwenye sufuria ya wachimba kaburi.

"Maganda yako wapi, wifi?"

"Nimekupunguzia kazi, unaniuliza takataka?"

"Nauliza maganda."

"Clovis kaangua, mie nikabandua. Au leo mnaniita mlisha sumu, na maiti yumo ndani?"

Mimi, jirani yao, nilikuwa nakata vitunguu, sikuinua uso. Mawifi hao walinuniana tangu Krismasi, na ugonjwa wa mzee ndio uliowapatanisha.

"Bi Mwayo!" Bunny, mkubwa wa wachimbaji, alipaza sauti kutoka shimoni. "Kwa njaa hii tutaishia magotini. Mzee atalala miguu nje!"

Wenzake wakacheka. Sufuria ikaanza kutokota. Verlyn akatia samaki wa chumvi, harufu ikatanda ua mzima.

"Asipakuliwe mtu," Ionie alisema, akashuka bondeni tunakotupa taka. Verlyn akamfuata, akipayuka kwamba kijiji kizima kitasema familia imewanyima chakula wachimba kaburi. Nami nikawafuata, nikihofia watashikana.

Ionie alipiga magoti, akachambua ganda moja moja. Yalikuwa yamejipasua pande tatu, kingo zimejikunja.

"Haya, umeridhika?"

Ionie akaingiza mkono chini ya lundo, akatoa ganda lililonyooka kingo, kama limekatwa kwa wembe. Halafu lingine.

Verlyn akaita, "Clovis!"

Clovis alikuja akijifuta mikono. "Wezi walishaujua ule mti, wanakwenda kuuza mjini Kingston. Nikaangua zote. Zilizofumba zilikuwa chache tu, nikazisaidia kidogo kwa kisu."

"Ukazisaidia," Ionie alisema.

"Tuzitoe basi hizo," Verlyn alisema kwa sauti ndogo.

"Utazijuaje? Na maji yake je?" Ionie aliuliza.

Huko juu kifuniko kikalia. "Bi Mwayo, mie najipakulia!"

Ionie alikimbia, lakini Verlyn alimpita. Alimkuta Bunny na upawa mkononi, akaipiga sufuria teke. Aki yote ikamwagika jivuni. Bunny alibaki na sahani tupu, kinywa wazi.

"Mama yangu! Tumekukosea nini?"

"Ilikuwa na mbichi ndani. Kuna ndizi, zitachemka sasa hivi." Verlyn akachukua sepetu iliyoegemezwa ukutani, akaanza kufukia chakula kile kabla kuku hawajakifikia. Mguu wake ulikuwa umeungua, lakini hakuutazama.

Ionie alileta mkungu wa ndizi mbichi, akauweka kati yao. Akamnyooshea Verlyn kisu.

"Hiki cha ndizi, wifi."

Verlyn alikipokea. Wakamenya pamoja, huku sepetu za wachimbaji zikiendelea kugonga mawe nyuma ya nyumba.