Neno la Mama Kipaza

Watu walimwita Mama Kipaza. Idara ya maji ilimpa fulana ya bluu, kipaza sauti na mtaa wa kuuzungukia. Bomba likipasuka, alipita akitangaza. Matapeli walipoanza kupiga simu wakijidai ni watu wa maji, alipita nyumba kwa nyumba: usimtajie mtu namba yako ya siri, hata akikuita mama. Mumewe alimtania kwamba hata chumvi mezani aliiomba kwa kutangaza.

Asubuhi moja pampu zilinyamaza. Mtu asiyejulikana, huko alikokuwa, aliingia kwenye kompyuta za ofisi akazifunga. Fundi wa kompyuta, baba wa mapacha, alitoka jasho likimchuruzika.

"Mama, kirusi kimeingia kwenye mitambo ya maji. Pampu hazinisikii. Waombe wavumilie."

Akaenda akawaambia vilevile alivyoambiwa. "Ndugu zangu, kirusi kimeingia kwenye mitambo ya maji. Tuvumiliane."

Kauli ikitoka hairudi. Huyu alisikia kirusi, yule akasikia maji, mwingine akamkumbuka mwanawe anayeharisha. Mama Kipaza aliporudi ofisini, watu walikuwa wameshajaa getini. Mlinzi alipigwa tofali la kifua akakaa chini. Vioo vikaanza kumwagika.

"Mmetunywesha ugonjwa," alisema muuza mitumba, jirani yake wa miaka. "Halafu unapita kutuimbia."

"Si kirusi cha mwilini, shoga. Ni cha kompyuta."

"Kwani kompyuta nayo inaharisha?"

Wakacheka. Kicheko kile kilimtisha kuliko mawe. Akatafuta neno jingine haraka, jepesi, la kila mtu.

"Nisikilizeni. Si ugonjwa. Ni mwizi. Mwizi ameingia kwenye kompyuta."

Hapo akawa ameruka majivu, akakanyaga moto. Neno mwizi mtaani haliulizwi maswali.

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani!" mwingine akajibu kutoka kwenye umati.

Na kwenye chumba cha kompyuta alikuwemo mtu mmoja tu.

Walimburuta fundi kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Teke la kwanza lilimziba jicho. Nondo ikatua mgongoni, ikatua tena. Tairi likaja likibingirika, na nyuma yake fundi baiskeli na chupa ya petroli.

Mama Kipaza alitupa kipaza, akamlalia yule baba wa mapacha. Nondo iliyokuwa njiani haikurudi. Mkono wake ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu.

"Toka juu ya mwizi, mama," fundi baiskeli alisema. Alikuwa anamwaga petroli huku anaongea. Ikamwingia Mama Kipaza machoni.

"Mwizi yuko mbali. Hata sura yake hatuijui. Huyu ndiye anayemtoa. Mkimchoma, nani atawarudishia maji?"

"Anamtetea. Wamekula pamoja."

"Basi washa. Neno la kirusi nimesema mimi. La mwizi nimesema mimi. Huyu amesema nini?"

Njiti ikatoka kwenye kiberiti. Muuza mitumba alimkamata fundi baiskeli kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kiberiti kikaanguka.

"Wale matapeli walinipigia," alisema. "Nikamkumbuka huyu, nikakata simu. Hajawahi kunidanganya. Kama anasema si yeye, si yeye."

Mkono wa umati ukalegea. Lakini hasira haiondoki bure: kiatu kimoja kilichokuwa kinaondoka kilimpiga Mama Kipaza mdomoni. Akatema meno mawili juu ya fulana ya bluu.

Fundi alipona jicho moja, na kwa jicho hilo akazifungua pampu. Maji yakarudi. Mama Kipaza akarudi mtaani na mkono uliopinda, maneno yakitoka na mluzi kwenye pengo.

Ila hakutangaza tena bila kupitia kwa mumewe. Mzee yule hakukanyaga darasa. Mama Kipaza alimkalisha kitini, akamsomea tangazo.

"Nikisema hivi, wewe unasikia nini?"

Mzee alimwambia alichosikia. Kikiwa kingine, neno lile halikutoka nyumbani. Wakatafuta lingine, wakagombana, wakacheka, chai ikapoa. Ikawa hivyo mpaka Mama Kipaza alipofariki.

Kile kipaza kilichobonyea kiko juu ya kabati. Kiti nacho kiko palepale. Mzee hukaa, akasubiri kuulizwa anasikia nini.