Cherehani Iliyowekwa kwa Shemeji

Maji ya mafuriko yalipoondoka, nyumba ya Mama Sindano ilikuwa bado imesimama, lakini ndiyo hivyo tu. Kuta zimelowa hadi kiunoni, plasta inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Fundi mwashi akasema hagusi kitu mpaka vyumba vyote viwe vitupu na vikauke. Sasa mjane wa watu, anayekula kwa kushonea watu nguo, apeleke wapi vitu vya nyumba nzima?

Aliyejitokeza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuja na mkokoteni bila kuitwa, akasema ana chumba cha nyuma kimekaa bure. Majirani wakamsifia, na Mama Sindano akamwombea dua huku machozi yanamtoka. Wewe acha tu.

Alivifungasha mwenyewe, kwa mkono wa fundi. Kwanza alivianika vyote, maana ukifunga kitu kibichi unajifungia ukungu. Vikombe akaviviringisha kwa mabaki ya vitambaa, kila kimoja na chake. Maboksi hakuyaamini, basi akashona mifuko ya turubai na kuifunga kwa mshono mzito usiofunguka bila wembe. Mwisho kabisa akaifunga cherehani yake ya mkono, iliyonusurika juu ya kabati, blanketi juu ya blanketi, kama mtoto mwenye homa. Akamwambia shemeji kwamba vingine hata vikivunjika, basi, lakini hiyo ndiyo jembe lake. Shemeji akajipiga kifua. Alisema ataitunza kama mboni ya jicho.

Kuta nazo zikagoma kukauka. Fundi mwashi akawa mtu wa leo na kesho, na Mama Sindano akalala kwa jirani, akifua nguo za watu ili apate saruji na rangi. Mikono ikamchubuka, akajikaza kisabuni. Alijua cherehani ipo, na siku akiipata atarudi kuwa mtu.

Rangi ilipokauka akaenda kuichukua cherehani yake. Mke wa shemeji akamkaribisha vizuri mno, akamketisha sebuleni. Kochi lilikuwa lake. Meza, yake. Chai ikaletwa kwenye vikombe vyake, kimoja kimeng'oka mkono, na akaulizwa kama anatumia sukari. Jamani, kuwa mgeni wa vyombo vyako mwenyewe! Akanywa, maana hakujua aupeleke wapi uso wake.

Dirishani ndipo ilipokuwa cherehani, na shati lililoshonwa nusu limebanwa chini ya sindano. Mke wa shemeji, mkavu wa macho yule, akaeleza kwamba kitu kisipotumika huharibika, na kwamba yeye sasa ana wateja wake, kwa hiyo dada avumilie kidogo. Shemeji alikuwa amejitia hamnazo, anatazama dari. Mama Sindano alipomtaka aseme, akasema.

"Vitu vya kaka yangu havijatoka nje ya ukoo, shemeji. Una wasiwasi gani?"

Cherehani ile aliinunua mwenyewe, kabla hata hajaijua sura ya huyo kaka. Hasira ikampanda mpaka akaona giza. Akaukata uzi kwa meno, akalilaza shati juu ya kochi, akaikumbatia cherehani, akatoka. Hivyo vingine akaviacha.

Hajafika barabarani, mtoto wa mwisho wa nyumba ile akaangua kilio mlangoni.

"Mama mkubwa anaiba cherehani yetu!"

Watu wakachomoza kila mlango, na wanaume wawili wakamzibia njia. Mama Sindano akageuka kumtazama shemeji, akingoja neno moja tu, kwamba ni yake. Shemeji aliegemea mlango, akawapitia majirani zake kwa macho, kisha akasema kwa upole:

"Mwacheni aende nayo. Ana shida."

Wakampisha. Nyuma yake alimsikia mwanamke mmoja akisema yule baba kweli ana moyo wa kusaidia.