Ambulansi Iliyozimika Mteremkoni

Siku ya kwanza nilifika garajini nimevaa kitenge, kwa sababu hakuna aliyeniambia fundi wa kike anavaa nini. Nilikuwa nimetoka tu shule ya ufundi, diplome yangu ndani ya bahasha. Shefu wa garaji, mwanaume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama, akaingia bohari, akarudi na salopeti, ovaroli ya kazi, iliyonizidi urefu.

"Kunja mikono na miguu yake," akasema. "Hapa moteri haiulizake nani anaigusa, mwanaume ao mwanamuke."

Garaji yetu ilikuwa hapa Bukavu, na ilihudumia magari ya vituo vya afya, kuanzia vya mjini hadi vya Walungu na Mwenga. Mwaka mzima niliosha vipande kwa mazutu, yaani dizeli, na kujifunza jina la kila kimoja. Mwaka wa pili Shefu akanipa kazi ya kusikiliza ralanti, yaani mwendo wa moteri gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye aksilereta. Moteri nzima hunguruma polepole bila kushtuka. Moteri mgonjwa hutetemeka, hukohoa, mwishowe huzimika.

Ndivyo ilivyokuwa ambulansi moja ya upande wa Walungu, jipu kuukuu la benzini. Dereva wake, Papa Bahati, aliileta asubuhi, na Shefu akaniachia peke yangu. Mimi nilijiona nimekomaa. Nilibadilisha buji, zile zinazowasha benzini. Nikasafisha kabureta, inayochanganya benzini na hewa. Bado moteri ilitetemeka. Papa Bahati alikuwa anasubiri, kituo kinaita gari lake, nami niliona haya kusema sijui. Basi nikakaza ile skrubu ndogo ya kabureta inayopandisha ralanti. Moteri ikapiga kelele zaidi, lakini haikuzimika. Nikafunga kapo, kile kifuniko cha moteri, na kumwambia achukue gari, limepona.

Siku ya tatu lilirudi likivutwa na lori.

Papa Bahati alishuka, salopeti yake imejaa udongo mwekundu. Alikuwa anamleta kituoni mama mwenye uchungu wa kuzaa, pamoja na muuguzi. Kwenye mteremko moteri ilizimika, na pedali ya freni, yaani breki, ikawa ngumu kama jiwe. Aliikanyaga kwa miguu miwili, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo ili lisiende bondeni. Mama alijifungulia pale kando ya barabara, muuguzi akimshika, wanawake waliotoka shambani wakiwazungushia vitenge vyao. Mama na mtoto walikuwa wazima. Walifikishwa kituoni na gari la mpita njia.

Niliingia ofisini kwa Shefu na kumweleza yote, hata ile skrubu. Nilijua atanifukuza.

Alivua miwani. "Ulitengeneza sauti," akasema. "Moteri haukuitengeneza. Sasa wende, ukamuulize dereva."

"Nimuulize nini, Shefu?"

"Kile haukumuuliza siku ya kwanza."

Papa Bahati alikuwa amekaa kwenye kibao nje. Nilikaa karibu naye, nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza: gari huzimika wakati gani hasa?

Alinigeukia kama mtu aliyeshangaa. "Maman, tangu nianze kuleta gari hapa, hakuna mutu ananiulizaka kitu. Wananiambiaka tu: acha ufungulo, wende. Hii gari inazimikaka nikifinya freni. Nikiachilia freni, inatulia kidogo."

Freni! Mimi nilikuwa napekua benzini tu. Nilimwomba apande na kuwasha. Kila alipokanyaga pedali, moteri ilitetemeka zaidi. Kuna mpira mnene unaotoka kwenye moteri kwenda kwenye servo, kile chombo kinachosaidia mguu wa dereva kufunga freni. Moteri huvuta hewa kupitia mpira huo. Niliubana kwa pensi, yaani koleo, na papo hapo moteri ikatulia, ikanguruma kama paka. Nikaufungua. Upande wa chini, ambako jicho halifiki, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole. Hewa iliingia hapo bila kipimo, benzini ikawa haitoshi, moteri ikafa, na freni zikakosa msaada wake.

Tuliweka mpira mpya, nikarudisha skrubu mahali pake. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda na Papa Bahati hadi kituoni.

Yule mama alikuwa amekaa kitandani, anamnyonyesha mtoto wa kike. Nilimwambia: "Maman, ni mimi niliachilia ile gari ikiwa bado mugonjwa. Unisamehe."

Alimweka mtoto begani. "Na leo ni wewe umeileta?"

"Ni mimi."

"Itanifikisha kwangu?"

"Itakufikisha. Nami nitapanda pamoja na wewe."

Alinipa mtoto nimshike, akafunga kitenge chake, akapanda. Njia nzima, kila Papa Bahati alipopunguza mwendo, nilikaza masikio na mikono yangu ikamkaza mtoto. Moteri haikuzimika hata mara moja.

Baadaye nilipelekwa Kamituga, kwenye barabara zinazomeza magurudumu, kisha nikarudi Bukavu kuwa shefu mwenyewe. Kwa wote niliowaongoza niliweka sheria moja: dereva huongea kwanza, kapo hufunguliwa baadaye. Fundi anayesema "sijui" sikumkaripia. Niliogopa yule anayejua haraka.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Cimpunda, na vidole vyangu haviwezi tena kushika bulo, boliti ndogo. Lakini wiki iliyopita shefu mpya wa garaji, mwanamke aliyezaliwa nikiwa tayari kazini, aliniita nione kompyuta wanayoiunganisha na gari ili iseme ugonjwa wake. Nilimuuliza maswali hadi chai yake ikapoa.

"Maman," akacheka, "si ulipumuzikaka?"

"Mikono ndiyo ilipumuzika," nikamjibu, nikivuta kiti karibu. "Haya, nionyeshe tena, polepole."