Mwalimu Aliyerudi Kuuliza Njia

Habari ya kifo chake nilipewa sokoni Kasongo, Jumatatu asubuhi, na mwendesha pikipiki aliyetoka kijiji cha Lusangi na magunia mawili ya mchele. Aliniuliza kama nimekwisha kusikia, nikamwambia sijasikia kitu. Akavua kofia, akasema Madame amefariki tangu Ijumaa nyumbani kwa mdogo wake huko huko, baada ya kuugua moyo kwa majuma machache, na kwamba wamekwisha kumzika. Nilisimama pale na mboga zangu mkononi bila kujua niende wapi. Kwetu kila mwalimu wa kike huitwa Madame, lakini ukisema hivyo Kasongo bila kuongeza neno, watu wengi hujua unamtaja yeye: yule aliyefundisha darasa la sita katika shule ya kanisa hadi mvi zikamjaa, kisha akastaafu, akaanza kutembeza watu kando ya mto Lualaba.

Matembezi hayo hayakuanza kwa mpango wowote. Marehemu mume wake alikuwa mfanyakazi wa kivuko cha Rive, bandari yetu ya mtoni, na baada ya kumzika, Madame alishika desturi ya kwenda mtoni kila Jumamosi ya kiangazi kuwasalimu wenzake wa kazi. Jirani mmoja akaomba kumfuata, kisha wauguzi wawili, kisha waimbaji wa kwaya, na vijana wa msikitini nao wakaja. Alitupitisha kwenye mabaki ya kuta za matofali ya mji wa kale na kwenye makaburi ya watu wa vita vya zamani. Mwishoni tulishuka kwenye ukingo wenye miamba, mahali ambapo mto unabanwa, maji yanapasuka meupe juu ya mawe meusi, na mtu hulazimika kupaza sauti ili asikiwe na jirani yake. Tulikaa juu ya mawe tukila mihogo na karanga alizokuwa amekaanga mwenyewe. Alikuwa na kipawa cha kusimulia. Nakumbuka alivyosema, akiwa amefungua mwavuli dhidi ya jua, kwamba hapo ndipo Kiswahili chetu kilipolala usiku wake wa kwanza baada ya safari ndefu kutoka pwani. Alizungumzia mashamba ya mpunga, nyumba zenye baraza, biashara, elimu ya dini. Tulirudi mjini tukijiona watu wa asili kubwa.

Mwaka mmoja nilimwalika mama mmoja, mfanyabiashara, Mbangubangu kwa kabila, wa Kabambare, anayeuza vitenge Salamabila kwa wachimba dhahabu na wake zao. Alikuwa amekuja Kasongo kutafuta mali ya kuuza, akaniambia hajawahi kuuona mto kwa karibu. Nikajivuna, nikampeleka kwa Madame. Njiani aliuliza tu majina ya miti. Tulipofika miambani na Madame akamaliza hadithi yake, yule mama akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Madame, na wale walikuwa wanafungwa kamba, walipita njia gani?"

Madame alitabasamu kwa adabu, akamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani sana, na kwamba siku hiyo tumekuja kuangalia uzuri wa mahali. Mgeni wangu hakubisha. Alizirudisha karanga zake kwenye sahani, akasema kwa sauti ya chini, ila tuliokuwa karibu tulisikia:

"Nyanya wa nyanya yangu alitolewa kwetu akiwa mutoto. Jina yake iko, tunaiita mpaka leo. Ila mahali alipita, hakuna mutu alituonyesha."

Madame akafunga mwavuli. Tukarudi mjini. Leo naona haya kusema kwamba mimi nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa juu ya mgeni wangu. Nilimwona ametuharibia siku nzuri. Tulipoagana stendi ya pikipiki nilimpa mkono kwa ubaridi, na nadhani alielewa.

Baada ya majuma mawili Madame alibisha hodi kwangu. Alikataa kiti. Alitaka nimwelekeze kwa yule mama. Nikamwambia kama ni kuomba radhi, nitampelekea salamu kwa simu. Akanijibu kwamba radhi ataiomba, lakini kwanza anakwenda kuuliza, na mambo hayo hayaulizwi kwa simu. Alikuwa amevuka miaka sitini, na magoti yalimsumbua. Barabara ya Kabambare mnaijua, wasomaji wangu: matope, vidaraja vya magogo, pikipiki kusukumwa mlimani. Alikwenda. Alikaa siku nane kwa ukoo wa yule mama, akisikiliza wanawake wazee wakimsimulia walichosimuliwa: misafara ya watumwa ilikopitia, watu walikonyweshwa maji, mahali ambapo waliochoka waliachwa. Aliyaandika katika daftari la shule, na pale asipoelewa Kibangubangu aliomba arudiwe.

Kiangazi kilichofuata alibadilisha safari yake. Hakuanza tena kwenye kuta za matofali. Alituanzisha upande wa mashariki, kwenye njia inayoingia kutoka Kabambare, akatutembeza kwa miguu hadi mtoni. Yule mama alikuwepo, na safari hii Madame ndiye aliyemwomba aseme. Akalitaja jina la yule nyanya wa nyanya yake mbele yetu sote, maji yakivuma chini. Sitaliandika hapa, ni la ukoo wao.

Habari ilienea upesi, na si wote walioipenda. Mzee mmoja wa ukoo wa waungwana, wanaojihesabu wazao wa misafara ya pwani, mtu wa msikiti anayeheshimiwa, alimwendea Madame nyumbani, nami nilikuwepo. Alizungumza kwa utulivu. Alisema Wakristo na Waislamu wa Kasongo wameoana, wanazikana, wanakopeshana chumvi. Sasa Madame anachimbua mambo yatakayofanya wajukuu wa mzee huyu wanyoshewe vidole shuleni.

"Sitaki wanyoshewe vidole, baba," Madame alimjibu. "Nataka nawe uje."

Mzee aliondoka bila kunywa chai. Ikapita miezi. Jumamosi moja tukamkuta anatungoja barabarani, na kanzu yake safi na fimbo. Alitembea nasi polepole njia nzima, naye yule mama wa vitenge akiwa mbele yake kidogo. Miambani aliomba ruhusa ya kusema. Akatuambia kwamba bibi aliyemzaa baba yake aliletwa Kasongo amefungwa kamba, kutoka kijiji ambacho nyumbani mwao hakikutajwa kamwe, kwa sababu walipenda kujiita watoto wa wenye msafara. "Mficha uchi hazai," alimalizia, "nasi tumeficha muda mrefu." Kisha akaketi, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka. Yule mama wa Kabambare akasogea akamwachia nafasi penye jiwe bapa, wakala mihogo kutoka sahani moja.

Tangu hapo vijana wengi wamefika kwenye miamba ile. Wapo wanaopita wakielekea Salamabila kutafuta dhahabu, wanapiga picha za simu wakiwa na mto nyuma yao, wanaondoka. Siwalaumu, mahali pale ni pazuri kweli, na Madame hakuacha kuusifu uzuri wake. Aliwaeleza tu ni nani aliyepita hapo, akawauliza wanatoka wapi na kwao wanasimuliwa nini. Waliojibu, aliwaandika.

Nimekwenda Lusangi kutoa pole. Mdogo wake alinionyesha madaftari yake, kumi na moja. Katika lile la kwanza, maelezo yake mazuri ya zamani, yale yaliyokuwa yakituburudisha, ameyakata kwa mstari mmoja mwembamba ambao bado unaruhusu kusoma, na pembeni ameandika: nilikosea, niliulizwa. Alikuwa na umri ambao wengi wetu tunadai heshima na kufunga masikio. Alikuwa na jina mjini, na angeweza kulilinda kwa kunyamaza tu, kwa maana hakuna ambaye angemlazimisha. Siku ile miambani swali tulilisikia wote, na wengi wetu tulitaka lipite. Mtu mmoja tu ndiye aliyelibeba hadi Kabambare. Anayewaeleza wengine habari za mahali, awe mwalimu, mhubiri au mwandishi wa safu kama mimi, adabu yake ya kwanza ni kwenda kumsikiliza yule aliyemwacha nje ya habari hizo, hata kama ni mbali, na magoti yanauma.