Mkono Niliouachia

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja nipande ndege kwenda kwenye mashindano ya mieleka ya Afrika, nilipombwaga mwenzangu akatua kwa kichwa, nikadhani nimemuua.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi Kagongwa, ndani ya ghala la mpunga ambalo mwenyewe alituruhusu kulitumia asubuhi kabla malori hayajaanza kupakia. Kocha wetu, askari magereza mstaafu, alikuwa ametandika magunia ya pumba, akayafunika kwa turubai na kulikaza kwa kamba. Ukianguka pale huumii sana, ila vumbi linakujaa puani na unapiga chafya mpaka mchana. Wanawake tulikuwa wawili tu. Mimi nilitokea Nyarugusu, nilikokuwa naponda mawe ya dhahabu kwa nyundo tangu nilipomaliza darasa la saba. Mwenzangu alikuwa muuza mchele, mama wa watoto wawili, mkubwa kwangu kwa miaka mitano, nilimwita dada. Yeye hakuchaguliwa kwenda. Hata hivyo alikuja kila siku, akanipa mwili wake niujaribie.

Silaha yangu ilikuwa moja. Namshika mtu mkono, nazama chini ya kwapa lake, namtia begani, nageuka. Anapita juu ya mgongo wangu na kutua chali. Ila mkono ule huuachii mpaka mgongo wake uguse chini, maana ndio unaomwongoza atue vipi.

Siku ile niliuachia.

Kiwiko changu cha kulia kilikuwa kimeteguka wiki iliyotangulia, na sikumwambia mtu kwa kuogopa kuondolewa kwenye timu. Nilipomtia dada begani, kiwiko kikauma kama kimepigiliwa msumari, vidole vikafunguka vyenyewe. Akatangulia kichwa. Nilisikia mlio mdogo, kama bua la mtama likivunjika.

"Usimguse!" Kocha alipiga kelele. Akapiga magoti kando yake. "Chezesha vidole."

Vya miguu vilicheza. Vya mikono vilikaa kimya.

"Siisikii mikono yangu," dada alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imeisha.

Tulimlaza juu ya ubao, tukampakia kwenye pikapu ya mwenye ghala kwenda hospitali Kahama. Kocha aliniambia nikae nyuma nimshike kichwa kwa viganja viwili kisitikisike. Nilimshika njia nzima. Kila tulipofika kwenye tuta nilifumba macho. Jasho langu lilimdondokea usoni, naye hakuweza kulifuta.

Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ila mishipa ya fahamu shingoni imebanwa na uvimbe. Mikono ingeweza kurudi, na ingeweza isirudi. Tungoje. Kwenye korido nilimkuta mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane. Ilikuwaje?"

Kuitwa mwanangu na mama yule, saa ile, kulinimaliza.

"Aliteleza," nikasema.

Kuanzia hapo niliishi na hofu kama mtu anayeishi na homa. Watu wa mieleka hujinyima chakula ili wasizidi uzito uliowekwa. Mimi chakula chenyewe kilinikataa. Asubuhi nilipokimbia kando ya barabara ya Isaka nilijikuta naitazama mikono yangu, inavyofunga na kufunguka, kana kwamba ni ya mtu mwingine nisiyemwamini. Ghalani Kocha mwenyewe, na umri wake, alisimama nimtupe. Nilizama chini ya kwapa lake, nikamtia begani, kisha miguu ikaganda. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alijishusha mwenyewe.

"Unaogopa?"

"Hapana, Kocha."

"Basi unafanya nini?"

Zilibaki siku sita.

Kesho yake nilikwenda kumwona dada, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani. Alikaa kwenye kiti, shingo imefungwa kola ngumu, mama yake akimnywesha uji kwa kijiko. Alimwomba mama atuache kidogo.

"Nasikia niliteleza," akasema.

Nikainama.

"Nilikuwa juu ya mgongo wako. Nilisikia mkono wangu unaachwa."

"Ni kiwiko, dada." Nilianza kulia.

"Najua ni kiwiko. Wiki nzima ulikuwa unabeba ndoo kwa mkono wa kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe."

Nilimwuliza kama amenisamehe. Akafikiri, kwa kweli akafikiri, halafu akasema, "Bado. Nipe maji."

Nilimshikia kikombe. Alipomaliza kunywa akaniambia, "Kamwambie Kocha. Asipokuondoa, ukimshika mtu, shuka naye mpaka chini. Ukiona huwezi, usianze kabisa. Kuachia katikati ndiko kunakovunja watu."

Nilipotoka nilimfuata mama yake jikoni, nikamwambia kwamba mwanawe hakuteleza. Aliendelea kupepeta mchele. Mwishowe akasema, "Nenda, ng'wanawane. Nenda kwanza." Sikujua kama ni ruhusa au ananifukuza.

Kocha alinisikiliza hadi mwisho. Akakibonyeza kiwiko, nikaruka.

"Ningekuwa na mwingine ningekuacha," akasema. Akanipeleka kwa daktari yuleyule, aliyesema kiwiko kikifungwa vizuri kitahimili, ila maumivu yatakuwepo. Siku zilizobaki Kocha alinifundisha kumtupa mtu kwa bega la kushoto, nishikilie zaidi kwa mkono wa kushoto, ulio mzima. Mara ya kwanza niliposhuka naye mpaka chini nilimng'ang'ania hivi kwamba kucha zangu zilimtoa damu. Aliinuka akikohoa vumbi.

"Tena."

Huko mashindanoni ukumbi ulikuwa na baridi na mkeka mnene kuliko godoro lolote nililowahi kulalia. Kabla ya kupima uzito na baada yake nilikaa pembeni, nikikifunga na kukifungua kitambaa cha kiwiko. Wengine walidhani naogopa wapinzani. Niliogopa shingo zao. Yule wa kwanza alikuwa binti mwenye shingo nyembamba, nywele kazisuka vizuri, na nilipoupata mkono wake karibu niuachie palepale. Kisha nikageuka, nikashuka naye. Mwamuzi alipuliza filimbi, akanigonga begani mara mbili, na bado sikumwachia yule binti. Ilibidi anifungue vidole kimoja kimoja. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, ambacho binti yule hakukijua.

Wa pili alinilaza chali kabla sijapata hata pumzi. Mashindano yangu yakaishia hapo.

Nilimpigia dada simu nikiwa kwenye ngazi za nje, na mama yake akamshikia simu sikioni. Nilimwambia nimeshinda moja, nimepoteza moja. Akauliza kama kuna aliyeumia. Nikasema hakuna. Ndipo akaniambia kwamba tangu asubuhi kidole gumba chake cha kulia kinacheza.

Mkono wake wa kulia ulirudi wote baada ya miezi kadhaa. Wa kushoto una vidole viwili visivyosikia hata moto. Aliwahi kuviunguza kwenye sufuria bila kujua. Ghalani hakurudi tena.